Tukutane wapi kujifunza mtandaoni? WhatsApp, video, Google, Moodle na dunia za 3D kwenye mizani moja

Mei 2024 ilitufundisha mambo mawili ndani ya siku nane. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, mvua zikamwagika, na barabara ya kutoka Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, kule Kilwa. Mwezeshaji wetu aliyekuwa aje kwa basi akabaki huko huko. Tukasema haidhuru, tutakutana mtandaoni. Tarehe 12, Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, nazo zikakatika, na intaneti ya nchi nzima ikawa inatambaa. Lami imekatika, waya umekatika. Walioendelea kujifunza wiki ile ni wale tu waliokuwa wameshapakua kazi kwenye simu zao.

Sisi ni walimu 26 wa Hisabati wa shule za msingi, wengi wetu tunafundisha Darasa la Tatu, kuanzia Mtwara mjini na Nanyamba, kupanda Tandahimba na Newala, mpaka Ruangwa na Liwale. Kilichotukutanisha ni mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024 kwa Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu. Kila shule ina jumuiya yake ya ujifunzaji chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ni kweli. Lakini ukiwa peke yako kwenye somo na darasa lako, jumuiya hiyo ni wewe na ubao. Tukatafuta wenzetu wa mbali.

Tangu hapo tumehama nyumba mara nne. Walimu wa masomo mengine wananiuliza waanzie wapi, na kila nikijibu kwa simu najikuta naongea nusu saa. Bora niandike.

Kipimo nilichotumia

Makala nyingi za kulinganisha programu huhesabu vitufe: hii ina kura, ile ina ubao, nyingine ina kalenda. Vitufe havikunisaidia. Nilichokuja kugundua ni kwamba swali la maana kwetu ni moja: aliyechelewa anakuta nini?

Mchukue mwalimu wa kijiji cha bonde la Ruvuma, ambaye mchana simu yake inashika mtandao wa Msumbiji. Au yule ambaye kuanzia Oktoba, akitoka shule, yuko shambani anaokota korosho, na siku ya mnada yuko kwenye chama cha msingi anasubiri kusikia bei. Huyu anaingia mtandaoni saa nne usiku. Je, anakuta zamu yake bado ipo, au anakuta ngoma imekwisha na watu wanakunja mikeka? Mazingira ya kujifunzia yanayomsamehe aliyechelewa yatawafaa na waliowahi. Kinyume chake si kweli.

Kuna kipimo cha pili nilichokiazima kwa wataalamu. Mwaka 2000, Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer, waliokuwa Kanada, waliandika kwamba watu wanaojifunza pamoja kwa mbali wanahitaji aina tatu za uwepo: uwepo wa kijamii, yaani kujuana na kuaminiana, uwepo wa fikra, yaani hoja kuchambuliwa mpaka ifike mahali, na uwepo wa mwalimu, yaani mtu anayepanga na kuongoza. Programu hazigawi aina hizi tatu kwa usawa, kama mtakavyoona.

Halafu kuna suala la "pamoja" lenyewe. Watu kumi kuweka kazi zao kumi kwenye kapu moja si kujifunza pamoja. Mnakijua kinyago cha ujamaa cha Wamakonde: watu wamebebana, wamechongwa kutoka gogo moja, na huwezi kumtoa mmoja bila kuwaangusha wengine. Kazi ya kikundi ikiwa haina sura hiyo, hakuna programu itakayoiokoa.

Kundi la WhatsApp: baraza lisilolala

Tulianzia hapa kama kila mtu. Faida yake haina mshindani: watu wameshaingia tayari, hakuna nywila ya kusahau, na mwenye bando la WhatsApp tupu bado yumo. Voisi ya dakika moja haili hata MB moja. Kundi linabeba hadi watu 1,024, kwa hiyo nafasi si tatizo. Kwa uwepo wa kijamii ni namba moja. Ndani ya wiki mbili tulijua nani ana mgonjwa, nani kahamishwa na nani anauza vitenge.

Tatizo ni kwamba WhatsApp ni mto. Kila kitu kinapita mbele yako kwa foleni moja, na kilichopita kimepita. Nakumbuka tulikuwa tunabishana kuhusu kufundisha sehemu, yaani nusu, robo na kadhalika: mtoto aanze na kitu kimoja kizima, tuseme chungwa, au aanze na kundi la vitu, tuseme korosho 12? Mwalimu mmoja wa Liwale akaandika jambo ambalo hatukuwahi kuliwaza. Alisema mtoto aliyegawa korosho 12 mafungu manne anaondoka akiamini kwamba robo ni tatu, na ukimwambia kesho yake kwamba robo ni ndogo kuliko moja anakushangaa. Ujumbe wa maana kabisa. Dakika chache baadaye ikaingia taarifa ya msiba, na zikafuata pole zaidi ya thelathini. Huwezi kumzuia mtu kutoa pole, wala hupaswi. Ila hoja ya robo ilizikwa pale pale, na walioingia usiku hawakuiona kabisa.

Aliyechelewa, basi, anakuta jumbe 180 na anafanya kile ambacho sote tunafanya: anashuka chini moja kwa moja, anaandika "Asanteni walimu, nimejifunza mengi", analala.

Tulijaribu kuitengeneza, na baadhi ya marekebisho yalisaidia kweli, kwa hiyo mkibaki WhatsApp yafanyeni. Tenganisheni kundi la kazi na kundi la salamu. Gawanyeni watu watanowatano, kila kikundi na chumba chake ndani ya jumuiya moja ya WhatsApp (Community). Kila anayejibu avute ujumbe anaoujibu, asirushe hewani. Voisi isizidi dakika mbili, na chini yake mtu aandike mstari mmoja wa kinachosemwa humo, maana si kila mtu yuko mahali pa kusikiliza. Na kila Ijumaa mwandishi wa zamu aandike yaliyofikiwa kwa aya mbili, ayabandike juu.

Hilo la mwandishi wa zamu ndilo lililobadilisha mambo kuliko yote. Ni kazi ya dakika ishirini, lakini anayeifanya ndiye anayejifunza zaidi wiki hiyo.

Jambo jingine ambalo watu hulipita: kwenye kundi, namba ya kila mtu inaonekana na kila mtu. Tangu Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, ya mwaka 2022. Ukiwaweka watu wazima 26 wanaofahamiana, sawa. Ukitaka kuweka wanafunzi na wazazi, fikiri mara mbili.

Telegram tuliijaribu kwa mwezi. Ina kitu ambacho WhatsApp inakikosa, mada zilizotenganishwa ndani ya kundi moja, na inaweza kuficha namba. Lakini walihamia watu tisa tu, nao wakawa wanaulizana kule WhatsApp kama kuna jipya Telegram.

Chumba cha video: tamu, ghali, fupi

Zoom ya bure inabeba watu 100 kwa dakika 40. Google Meet ya bure, mkiwa watatu au zaidi, inawapa dakika 60. Hapo utaona uwepo wa mwalimu unavyorudi: unamwona mtu akikuna kichwa, unajua hajaelewa. Zoom ina vyumba vidogo vya kugawa watu watanowatano, na mjadala mkali huisha kwa dakika tano badala ya siku tatu za kuandikiana.

Sasa piga hesabu. Video inayokula megabiti moja kwa sekunde itamaliza MB 450 kwa saa. Hiyo ni kwa mtu mmoja, siku ambayo mtandao ni mzuri. Kuna mwenzetu alikuwa anazima picha, anabaki na sauti tu, na bado umeme ukikatika mnara wa kijijini kwake unazimika muda si mrefu baadaye.

Aliyechelewa anakuta rekodi. Kutazama rekodi ya mjadala ni kama kutazama harusi kwenye video: umeona chakula, hukula. Ndiyo maana video siipi darasa zima. Naiweka mwanzoni, watu waonane sura, na pale tu tunapokwama kwenye ubishi.

Kwa taasisi yenye seva yake, yaani kompyuta ya kuendeshea mifumo yake ya mtandaoni, kuna BigBlueButton. Ni programu ya darasa la video iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, mwaka 2007; inafunguka kwenye kivinjari bila kupakua programu, na ina ubao ambao watu wengi wanaweza kuuchora kwa wakati mmoja. Ni nzuri, ila haipunguzi mahitaji ya bando.

Google Classroom na hati ya pamoja

Hapa kuna vitu viwili vinavyochanganywa. Classroom yenyewe, iliyotoka 2014, ni safi na rahisi, lakini umbo lake ni la mwalimu mmoja na wanafunzi wake: kazi inatoka kwako inakwenda kwake, inasahihishwa, inarudi. Jirani yako haioni. Kwa kukusanya majaribio inatosha. Kwa kujifunza pamoja ni kama chumba cha mtihani kilichopakwa rangi nzuri.

Hati ya pamoja ni habari nyingine. Watu hadi 100 wanaweza kuhariri andalio moja la somo kwa wakati mmoja, kila mmoja anaweza kuacha maoni pembeni ya sentensi husika, na historia ya hati inaonyesha nani aliandika nini na lini. Aliyechelewa anakuta andalio lenyewe, na mahali pa kuweka neno lake. Ukishaiweka hati ipatikane bila mtandao kwenye simu, anaandika akiwa shambani, na inajisasisha akifika penye mawimbi.

Kasoro mbili. Kwanza, anwani ya Gmail: karibu nusu yetu tulikuwa nayo kwa sababu simu iliilazimisha, nywila aliiweka fundi wa simu, na fundi haijui tena. Pili, heshima. Mwalimu kijana hafuti sentensi ya mwalimu aliyekaa kazini miaka ishirini na tano. Anaandika pembeni "Naomba kuongezea, mwalimu wangu," na sentensi yenye kosa inabaki. Tukaweka utaratibu: kila wiki mmoja ni "mpinzani rasmi", na kazi yake ni kukosoa. Ukipewa cheo, hukosi adabu.

Moodle: kazi ya mtoto wa mbali

Nitatumia muda hapa, maana ndipo tulipofikia. Moodle ni mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, wenye kazi, mijadala na alama mahali pamoja. Martin Dougiamas, aliyeiasisi Moodle na kutoa toleo la kwanza mwaka 2002, alikulia jangwani Australia Magharibi na utotoni alisoma kwa redio, mwalimu akiwa mbali sana. Sisemi hiyo ndiyo sababu, lakini ukiitumia Moodle unahisi imetengenezwa na mtu anayejua maana ya kuwa mbali na darasa.

Vitu viwili ndani yake sijaviona kwingine kwa urahisi huo. Cha kwanza ni jukwaa la maswali na majibu ambalo halikuonyeshi majibu ya wenzako mpaka uweke la kwako. Lile la kuchungulia kisha kuandika "naunga mkono hoja" linakufa hapo hapo. Na aliyechelewa yuko sawa na aliyewahi, kwa sababu naye anaanza na karatasi nyeupe. Tahadhari moja: Moodle kwa kawaida inakusubirisha dakika 30 baada ya kuandika, muda wa kuhariri, ndipo ikufungulie majibu ya wengine. Mwalimu wetu anaandika saa nne usiku halafu akeshe akisubiri? Mwombe anayesimamia mfumo apunguze muda huo kwenye mipangilio. Sisi tuliuweka dakika tano.

Cha pili ni warsha. Unaweka andalio lako, mfumo unakugawia maandalio mawili matatu ya wenzako, unayapima kwa vigezo mlivyokubaliana. Mwishoni unapata alama mbili: moja ya kazi yako, nyingine ya jinsi ulivyopima kazi za wengine. Hicho ndicho kinyago cha ujamaa. Usipobeba mwenzako, alama yako nayo inashuka.

Programu yake ya simu inaruhusu kupakua somo na kuandika jukwaani bila mtandao, kisha inatuma ukifika penye mawimbi. Na mijadala imekaa kwa vichwa vya habari, kwa hiyo hoja ya robo na korosho 12, ilipoletwa upya huku, haikuzikwa.

Gharama? Moodle yenyewe ni bure, seva si bure, na mtu wa kuitunza ni ghali kuliko seva. Kuna mtaalamu alitusaidia mwanzoni, akaacha kupokea simu, na tulikaa wiki tatu bila kuweza kumrudishia mtu nywila. Sura ya mbele pia inafanana na kaunta ya ofisi. Hakuna anayesalimiwa akiingia. Uwepo wa fikra ni mwingi, wa kijamii ni haba. Ukiitegemea peke yake, watu watafanya kazi vizuri kwa wiki tatu kisha watapotea kimya kimya bila kuaga.

Kabla ya kujenga yako, angalia kama unayo tayari. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria, kilicho na vituo Mtwara na Lindi, tayari yumo kwenye Moodle ya chuo. Walimu wa MEWAKA wana mfumo wa Taasisi ya Elimu wenye moduli za kusoma. Mjadala unaweza kuuongezea pembeni badala ya kuanza na kiwanja kitupu.

Dunia za 3D

Hapa ndipo vijana wa kompyuta hunikatiza: "Mwalimu, kwa nini msijenge darasa lenu kwenye dunia ya 3D, kila mtu na avata yake, yaani kikaragosi cha kumwakilisha?" Kwa sababu nimeona zinavyofungwa. Second Life ya 2003 bado ipo, lakini kwa miaka mingi ilidai kompyuta yenye nguvu, na vyuo vingi vilivyojenga visiwa vyao humo viliviacha. AltspaceVR ya Microsoft ilifungwa Machi 2023. Hubs ya Mozilla, iliyokuwa rahisi kuliko zote kwa kuwa ilifunguka kwenye kivinjari, ilizimwa tarehe 31 Mei 2024, mwezi ule ule wa Hidaya. Msimbo wake uliachwa wazi, lakini ukitaka kuendelea ujitegemee mwenyewe. Ni kujenga nyumba ya tofali kwenye kiwanja cha kupanga.

Sizikatai kabisa. Kuna masomo ambayo mahali ndiyo somo lenyewe. Mwaka 2020 Google Arts & Culture, pamoja na mashirika ya kuhifadhi urithi CyArk na ICOMOS, waliweka mtandaoni magofu ya Kilwa Kisiwani yaliyopimwa kwa 3D, na yanafunguka bila miwani ya kuvaa usoni. Mwalimu wa Historia wa Newala ambaye watoto wake hawajawahi kuona bahari ana la kufanya hapo. Ila mgawie kila mtu kipande chake, mmoja msikiti, mmoja ngome ya Gereza, na swali ambalo halijibiki mpaka waunganishe walichoona. Bila hivyo ni utalii.

Na pasipo intaneti kabisa? Kolibri ni programu ya masomo inayokaa kwenye kompyuta ndogo; kompyuta inarusha waifai ya chumbani, watu wanasoma bila bando. Kushirikiana kunabaki kwa mdomo, mkiwa mmekaa pamoja Kituo cha Walimu. Kwa waliokaribu na kituo inatosha sana.

| Mazingira | Aliyechelewa anakuta nini | Mzigo mkubwa |
|---|---|---|
| WhatsApp | Jumbe 180, au muhtasari kama mna mwandishi | Hoja kuzikwa |
| Video | Rekodi | Bando, umeme |
| Hati ya Google | Kazi yenyewe, bado wazi | Nywila za Gmail |
| Moodle | Zamu yake, haijaguswa | Seva na mtunzaji |
| 3D | Chumba kitupu | Kifaa, na mwenye kiwanja |

Ningekuwa wewe

Mko chini ya kumi? Msijisumbue, kaeni WhatsApp, wekeni mwandishi wa zamu. Mko kumi mpaka arobaini na hamna mtu wa seva? WhatsApp ya kuitana, hati ya pamoja ya kufanyia kazi, na siku moja ya kukaa kimwili kutatua nywila za wote. Siku hiyo msiiruke. Sisi tuliiruka tukapoteza mwezi.

Mkiwa na taasisi nyuma yenu, au mtu mnayemwamini wa kuitunza, nendeni Moodle, lakini msifunge kundi la WhatsApp. Sisi taarifa na pole ziko kule, kazi iko huku, na video ni Jumamosi moja kwa mwezi, dakika 40 zikiisha zimeisha. Kila swali linakaa wazi siku kumi badala ya tatu. Watu wa mjini walilalamika kwamba ni polepole mno. Wiki ya pili, jibu lililotufanya tubadilishe andalio la sehemu, tukaanza na chungwa na kuziacha korosho kwa somo la tatu, liliingia siku ya tisa, saa tano kasoro usiku, kutoka Liwale.

Mzunguko unaofuata tunaanza Februari, korosho zikiwa zimeshauzwa.